Taa Ndogo Nyekundu

Kombi ililetwa ikivutwa kwa kamba ya katani,
Ijumaa, upepo wa Julai umeikaba Kizota koo.
Mama aliyeshika usukani alishuka, akasema mbukwa,
akauliza bei kabla sijaitikia.

Sechelela Nhonya, mjane wa bwana mifugo.
Nyuma kuna kitanda, jiko la pleti moja,
na friji ndogo ya chanjo za kuku.
Friji ndiyo iliyomleta.
"Nikiwasha taa, friji inalala.
Nikiwasha waipa, taa zinasinzia.
Nikifika Mpwayungu dawa imeshapata joto,
na kideri hakinisubiri."

Nikafungua mlango wa injini.
Vumbi la njia ya Mvumi limetulia mle
kama unga wa mtama pembeni mwa jiwe la kusagia.
Dainamo ya kale: ampea thelathini ikiwa imeshiba,
na kushiba kwenyewe ilishasahau.
Nikamwambia, huyu mzee tumstaafishe,
tufunge altaneta, ampea hamsini na tano.
Akahesabu noti. Akazihesabu tena.
Akazirudisha za mafuta kwenye kitenge.

Siku mbili tulimvua mnyama yule.
Mkanda, kabureta, bati la feni.
Nati ya feni inataka spana ya thelathini na sita;
niliiazima kwa fundi matrekta wa Ihumwa,
akashika simu yangu kuwa dhamana.
Dogo Chilewa akakaza mikono, mimi nikaning'inia kwenye bomba,
nati ikalia mara moja
kama mtu aliyekanyagwa kidole kanisani,
ikakubali.

Kiti cha zamani hakikuufaa mwili mpya. Tukabadili kiti.
Regulata tukaing'oa: mgeni hubeba akili yake tumboni.
Waya mnene hadi kwenye betri,
vishimu vya puli, viwili ndani, vitatu nje,
mpaka mkanda ukabonyea kwa kidole, basi, usizidi.

Ikawaka. Ile sauti yake ya cherehani kubwa.
Mita ikasoma kumi na mbili.
Nikapandisha moto.
Kumi na mbili.
Chilewa akatazama viatu vyake.
Nikamtukana muuzaji wa Majengo, kimoyomoyo,
maana mteja alikuwa palepale, kwenye ndoo,
anamenya karanga.

Usiku, nimelala, ndipo nikakumbuka.
Dainamo hujiamsha yenyewe;
chuma chake kinakumbuka sumaku ya jana.
Altaneta haikumbuki kitu.
Inataka iguswe bega,
na mkono wa kuigusa hupitia
kwenye ile taa ndogo nyekundu ya dashibodi,
taa ya onyo, ambayo kila dereva anaiombea isiwake.

Asubuhi nikafungua dashibodi.
Mahali pa balbu: karatasi ya pakiti ya sigara,
imekunjwa mara nne, imeshindiliwa.

"Aliitoa mwenyewe," mama akasema.
"Safari ya Manyoni. Alisema inamkodolea jicho njia nzima."
Akapuliza maganda kiganjani.
"Hata presha alikataa kupimwa."

Balbu, shilingi mia tano.
Nikaichomeka. Nikazungusha ufunguo:
nyekundu.
Nikawasha injini: ikazimika.
Mita ikapanda, kumi na tatu, kumi na nne, ikatulia,
na kule nyuma friji ikaanza kunguruma
kama paka aliyesamehe.

Kabla ya kuondoka aliwasha, akazima,
akawasha, akazima,
akawasha tena, wala gari halijasogea.
Nikadhani anaikagua kazi yangu.
Kumbe anaitazama taa tu.

Kile kikaratasi sikumwona amekiweka wapi.
Kwenye ndoo hakikuwapo.

Spana nimerudisha Ihumwa.
Elfu kumi na tano yangu bado iko kwake;
alisema nikipata kuku, nimwite awachanje bure.
Sina kuku.
Jumamosi nitakwenda mnadani kutafuta mitetea miwili.